Katekista wa Siku ya Tatu

Katekista hakuwa mtu wa mboga. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa Bwera wakimsimulia humfanya kama mtakatifu fulani wa majani, na najua yeye mwenyewe angewacheka. Ni kweli alikuza miche ya kila namna nyuma ya kanisa lao dogo. Ni kweli aliwafundisha watu, mwaka hadi mwaka, jinsi Mungu anavyootesha na kutunza kila jani lililoko chini ya jua. Lakini ukimwekea sombe, yaani majani ya muhogo, mezani, aliisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa sahani, kama mtu anayeondoa mdudu.

"Mi sikulaka majani, Dereva," aliniambia siku ya kwanza alipokula kwetu. "Mungu alipatia Adamu majani na matunda, ni kweli, iko imeandikwa. Lakini kiisha gharika alipatia Nuhu nyama. Bon, mi niko mutoto wa Nuhu."

Mke wangu alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo Katekista akija kwetu hakuulizwa atakula nini.

Aliniita Dereva ingawa lori lilikuwa langu na nilikuwa na dereva wa kuniendeshea nikichoka. Mimi ni Mwislamu, kazi yangu kusafirisha mizigo kati ya Kasese, Bwera na ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, na ua wa nyumba yangu ulipakana na kitalu chake. Kati yetu palikuwa na ua wa michongoma tu. Mama huyu alivuka mpaka kutoka upande wa Beni pamoja na umati uliovuka wakati ule, akafikia kwa watu wa parokia, na muda si muda akawa ndiye anayewafundisha wanaotaka kubatizwa. Zaidi ya hapo sikujua, na hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza habari za kwao angekuuliza habari za magurudumu yako.

Katika chumba chake, juu ya meza, alikuwa na maua ya plastiki. Mekundu na ya manjano, yale yanayouzwa sokoni Mpondwe yamefungwa kwa waya. Kila Jumamosi aliyaosha kwa sabuni, akayaanika kwenye michongoma yetu. Nilimwambia siku moja kwamba mtu anayehubiri maua ya Mungu hafai kuweka maua ya kiwanda nyumbani kwake.

"Yale ya Mungu nayahudumia siku muzima," akasema. "Yananiomba maji, yananiomba kivuli, yananiomba dawa ya wadudu. Hii ya plastiki haiombaka kitu. Nayo inanipatia kupumuzika."

*

Mafunzo yake aliyatolea kitaluni, si kanisani, kwa hiyo niliyasikia yote nikiwa nakaza boliti chini ya lori. Makatekista wengine walianza na dhambi, wengine na Bikira Maria. Yeye alianza na siku ya tatu ya uumbaji, na wakati mwingine ilionekana kana kwamba hatatoka hapo.

Lililomfurahisha zaidi ni mpangilio wa siku zenyewe. "Majani Mungu aliiumba siku gani?" angeuliza. Wanafunzi wangejibu: ya tatu. "Na jua?" Ya nne. Hapo angewaangalia mmoja mmoja, uso umejaa furaha kama mtu anayekaribia kutoa zawadi. "Sasa ile siku moja katikati, nani aliangazia ile majani? Hakuna jua. Hakuna mukulima, mutu hayuko bado. Nani aliitunza?" Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja kubatizwa uzeeni, kila mara aliinama akafuta macho kwa ncha ya kitenge Katekista alipofika hapo, ingawa alikuwa ameshasikia.

Jambo la pili alilolipenda ni kwamba Mungu alisema tu nyota zikawa, alisema tu maji yakajitenga, lakini ilipofika bustani hakusema. Alipanda. "Angalieni vizuri," alisema huku akiinua mikono yake yenye udongo hadi kwenye viwiko. "Jua ni kwa mudomo. Bahari ni kwa mudomo. Bustani ni kwa mukono. Mukitaka kujua mikono ya Mungu inafanana nini, yangu iko hapa."

Watu walipenda kumtania kwa siku hiyo ya tatu. Padre mwenyewe, kijana mpole aliyetoka upande wa Kasese, alimwambia siku moja mbele ya wote, "Katekista, ukisema siku ya tatu, Wakristo wanafikiri unazungumzia Pasaka."

"Ni sawasawa tu, mon père," akajibu bila kugeuka, anajaza udongo kwenye mfuko. "Zote mbili kuna kitu kimetoka ndani ya udongo."

Jumapili iliyofuata Padre alilihubiri neno hilo madhabahuni, na akasema amelitoa wapi. Katekista aliniambia hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alitaka litajwe, sawa, lakini si kwa sauti nyembamba vile.

Na mimi nilichangia, bila kukusudia. Nilimwambia kwamba kwetu pia tunafundishwa hivyo hivyo, kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuipasua punje na kokwa ndani ya ardhi. Alisimama ghafla. "Kupasua?" akauliza. "Iko kule kwenu, neno hilo hilo? Kupasua?" Nikamwambia ndiyo, nimelisoma tangu madrasani nikiwa mtoto. Alichukua mbegu ya parachichi iliyokwisha kuchipua, ile inayopasuka katikati kama mlango unaofunguliwa, akaitazama kama hajawahi kuiona. Wiki hiyo akaifundisha darasani, akasema ameipata kwa jirani yake Mwislamu. Wazee wa kanisa wakamwita. Walitaka kujua tangu lini wanaobatizwa wanafundishwa na dereva wa lori. Akawaambia, "Mbegu inapasuka ama haipasuki? Kama inapasuka, mutu asiye wetu amesema kweli, na mi sitaficha." Walimkataza kurudia. Akarudia.

*

Sisemi alikuwa mtu rahisi. Alikuwa na hasira za karibu. Aliyepewa mche ukamfia, Katekista alimfuata mpaka nyumbani, akamuuliza mbele ya watoto wake ulikufaje, na hakuondoka mpaka apate jibu analolitaka. Kusifu hakujua. Ukimwonyesha mti wako umezaa, alitazama shina akakwambia umeupanda karibu mno na ukuta.

Na mikalitusi aliichukia. Nilimwuliza: si imeandikwa kwamba Mungu aliona yote aliyoyafanya kuwa mema? Na mkalitusi je?

"Ni muzuri kule aliiweka," akasema. "Kule mbali, kwa kangaruu. Nani alimwambia mutu ailete huku ikunywe maji ya kahawa yangu? Usimutie Mungu katika mambo ya mikalitusi."

Nilimpakia miche mara nyingi kwenda Karusandara. Kule chini ni kwenye joto, udongo unapasuka, na kulikuwa na kikundi cha wanawake waliotaka kupanda michungwa na maparachichi. Nikirudi Kasese kufuata mzigo nilikwenda na lori tupu, basi nikampa nafasi nyuma. Hakukubali. Miche midogo lazima ikae mbele pamoja nasi, kwa sababu ya upepo. Nilipita katikati ya mji wa Kasese nikiendesha kama mtu aliyejificha kichakani, majani yananichoma sikioni, yeye akiwa ameipakata mingine na kuikinga kila tulipopita shimo.

Asubuhi ile ninayoikumbuka, mlima ulio juu ya Kasese ulikuwa wazi, theluji inaonekana kileleni. Akaniambia kule juu kuna mimea mirefu kupita mtu, yenye manyoya kama kondoo, ambayo hailiwi na haiuzwi, na watu wengi watakufa bila kuiona. Mungu anainyeshea kila siku. Alisema katika kitabu cha Ayubu Mungu anajisifu kwa jambo hilo hilo: kwamba yeye hupeleka mvua mahali pasipo na mtu, ili nyasi ziote tu huko. "Kazi ile anafanyia nani, Dereva? Hakuna mutu wa kumushukuru. Anaipenda tu."

Alipofika Karusandara aliwafundisha wanawake habari hiyo hiyo. Ilikuwa kipindi cha kiangazi kilichopitiliza, mahindi yamejikunja. Mama mmoja mwembamba, mwenye shamba kando ya barabara, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amejishika kiuno. Kisha akasema, "Basi umwambie apunguze huko mlimani, atuletee sisi huku."

Wote wakaangua kicheko. Nilimtazama Katekista, nikidhani atakasirika. Alicheka kupita wote.

"Njo maombi hiyo!" akasema; 'njo' ni 'ndiyo' ya kwao. "Tusitafute ingine. Tuombe vile vile." Akapiga magoti kwenye vumbi, nao wakapiga magoti, na wakaomba kwa maneno yale yale ya yule mama: Baba, punguza mlimani, utuletee huku.

Mvua haikunyesha siku hiyo, wala wiki hiyo. Katekista hakusema itanyesha. Alipomaliza kuomba aliuliza mfereji uko wapi, akachukua ndoo, nasi sote tukabeba maji mpaka mgongo wangu ukakataa. Wanawake wale walibeba mpaka mvua ilipokuja yenyewe wakati wake. Miche mingine ilikufa. Mingine ipo mpaka leo, na yule mama mwembamba huuza machungwa pale pale barabarani. Nikipita hunitupia moja dirishani.

*

Kuna siku alishindwa, na siku hiyo naipenda kuliko nyingi alizoshinda.

Ilikuwa wakati hali ya mpakani imekuwa mbaya, askari wameongezwa, na afande mmoja alipewa kazi ya kusafisha kingo za njia iendayo mtoni ili waone mbali. Miti yote iliyokuwa kando ya njia ianguke. Mingi ilikuwa imetoka kitaluni kwa Katekista. Alisikia misumeno akiwa anafundisha, akaacha darasa, akaenda. Mimi nilimfuata kwa sababu mke wangu alinisukuma.

Tulimkuta afande ameketi juu ya kisiki, mtu mzima, shingo nene, Biblia ndogo inaonekana mfukoni mwa shati. Mbele yake palisimama parachichi kubwa lenye matunda na mti wenye maua ya zambarau, jakaranda tunauita.

"Wewe mama, toka hapo," akasema. "Mimi iko na oda."

"Afande, uko Mukristo?"

"Nasema toka."

"Mungu alikataza," akasema Katekista. "Mukizunguka muji wa adui mwaka muzima, musikate muti wake. Muti wa shamba ni mutu, hata umufanyie vita? Soma. Iko katika Torati."

Wale askari wakasimamisha msumeno. Afande akatoa Biblia yake mfukoni, akaipekua taratibu kwa dole gumba. Tulingoja. Alisoma kimya, midomo inacheza. Kisha uso wake ukafunguka.

"Mama, umeacha mustari moja," akasema. "Inasema musikate ile ya matunda. Halafu inasema ile haizai chakula, kata. Jenga ngome." Akageukia vijana wake. "Parachichi, acha. Hii ingine ya maua, haizai, chini!"

Ile jakaranda Katekista aliipenda. Aliipanda mwenyewe mwaka wake wa kwanza Bwera. Ikaanguka mbele yake, maua yakatawanyika njia nzima.

Tukarudi. Tulipofika kwenye michongoma akasimama. "Alisoma vizuri," akasema. "Mustari ile naijua. Nilifikiri yeye haijui." Wiki iliyofuata alimpelekea afande mche wa limau, wa kupanda kambini. Akaniambia mtu anayesoma mpaka mstari wa pili anastahili kupewa kitu cha kuzaa.

*

Halafu mto ulikuja. Lhubiriha hujaa kila mwaka, tumezoea, lakini mara ile ulibeba mawe makubwa kama nyumba ya kuku, ukapanda mpaka kwenye ua wangu, na kitalu chote kikaenda. Kahawa iliyokuwa tayari kugawiwa, mifuko, vivuli vya nyasi, hata udongo wenyewe. Palibaki tope la kijivu na jiwe moja lililokaa pale alipozoea kusimama akifundisha.

Hakulia. Alikasirika, na alikasirika na Mungu waziwazi, jambo ambalo mimi kwa malezi yangu liliniogopesha. Jumapili hakuingia kanisani. Aliketi nje juu ya lile jiwe, mgongo umeelekea mlango, watu wakiimba ndani.

"Anasema njo yeye anaoteshaka," aliniambia. "Bon. Aoteshe sasa, nione."

Padre alitoka baada ya misa akaketi kando yake kwenye tope na kanzu yake nyeupe. Akamkumbusha kwa upole habari ya nabii Yona, aliyenuna kwa sababu ya mmea mmoja uliokauka, na Mungu akamuuliza kama ana haki ya kununa kwa mmea ambao hakuutaabikia wala hakuukuza.

"Yona hakutaabika," akasema Katekista. "Mi nilitaabika. Yona hakuwa na haki. Mi niko nayo."

Nakumbuka Padre alimpa mkono tu, akaingia ndani na kanzu imechafuka nyuma.

Jua likapiga, tope likaanza kupasuka, na likaota. Hakuna aliyelipanda. Dodo, yaani mchicha, zilijitokeza kwanza, nene, zikajaa uwanja mzima, kisha maboga yakatambaa mpaka kwangu, kisha nyanya ndogo za porini na mbaazi. Sijui mto ulizichukua kwenye mashamba gani huko juu. Watu waliopoteza bustani zao walikuja na vikapu, wakachuma, wakarudi tena na kuchuma. Nyumba zilizokuwa hazina kitu sufuriani zilipika kutoka kwenye uwanja wa kanisa mpaka wakaweza kusimama tena.

Katekista alisimama kwenye michongoma anatazama, mikono kifuani.

"Nilimuomba kahawa," akasema. "Amenijibu mboga."

Mke wangu alicheka ndani ya nyumba. Nami nikacheka, na yeye, akijizuia, akijizuia, mwishowe akacheka mpaka akashika mti. Jumapili aliingia kanisani. Lakini zile dodo hakuzila.

*

Miaka mingi tulikaa hivyo, mpaka asubuhi moja, mwaka uliopita, alipokuja uani kwangu amevaa kitenge cha kusafiria, na panga limefungwa ndani ya kitambaa.

"Dereva, banasema njia ya Beni imetulia kidogo. Unapakia lini?"

Nilikuwa napakia siku hiyo. Alipanda mbele. Tulivuka Mpondwe, tukapita Kasindi, tukawa katika msafara wa malori mengine, na huko njiani, macho yake yakiwa barabarani, aliniambia kile ambacho kwa miaka yote hakuniambia. Kwamba yeye na mumewe walikuwa na shamba la kakao kando ya njia hii, kabla hujafika Beni. Walilipanda wenyewe, wakiwa vijana. Kwamba siku wale watu wa msituni wenye silaha walipokuja, yeye alikuwa sokoni Kasindi na mumewe alikuwa shambani akivuna. Umati ulikimbilia mpakani, naye akabebwa na umati. Mumewe hakuja. Aliwauliza wote waliovuka baada yake, wiki hadi wiki, na hakuna aliyemwona, akiwa mzima wala akiwa maiti.

"Juu ya nini hukuniambia?" nikamuuliza, nimeiga lugha yake bila kujua.

"Ningesema nini? Sijui kama ni mujane. Mutu hawezi kusimulia kitu hajui mwisho wake."

Tuliacha barabara kuu, tukafuata njia nyembamba mpaka lori likakataa. Tukatembea kidogo. Alipoiona kakao alisimama. Nilitarajia pori. Lakini chini ya miti palikuwa safi, majani makavu yametandazwa, na mbele kidogo, juu ya turubai, punje za kakao zilianikwa juani. Mwanamke kijana alikuwa anazigeuza kwa mikono, mtoto amelala mgongoni mwake. Alipotuona alisimama wima.

Katekista alishika panga lake ndani ya kitambaa. Nilijua alivyomkasirikia mtu kwa mche mmoja tu. Nilianza kutafuta maneno.

"Jambo, mama," yule mwanamke akasema.

"Jambo. Nani alikuweka hapa?"

"Hakuna mutu. Shiye tulikimbia kule juu, banachoma nyumba. Tukafika hapa, tukakuta miti, hakuna benyewe. Tuliuliza, banasema benyewe balikufa." Alitazama panga, akatazama uso wa Katekista, na sauti ikamshuka. "Mama, ni yako?"

"Ni yangu na ya bwana yangu."

Mwanamke hakubisha. Aliinama akaanza kukunja turubai kutoka pembeni, akizikusanya punje katikati. Katekista alimtazama. Kisha akatazama juu, kwenye matawi, na nikaona uso wake wa kitaluni unarudi.

"Acha hiyo, hazijakauka," akasema. "Unakunja juu ya nini? Angalia muti huu. Haya machipukizi yote ya chini, juu ya nini uliyaacha? Inakula nguvu ya matunda." Akafungua kitambaa, akatoa panga, akakata chipukizi moja, la pili, la tatu. "Hivi. Karibu na shina. Usilihurumie. Na matunda meusi usiyaache kwenye muti, itaambukiza mingine. Kata, fukia mbali."

Yule mwanamke alisimama na turubai mkononi, haelewi kama anafukuzwa au anafundishwa. "Mama... tutoke ama tubaki?"

"Nani atavuna? Mi niko na watu wa kubatizwa ku Bwera. Baki."

Mwanamke alikaa chini. Baadaye alisema kuna kitu lazima atuonyeshe, kwa kuwa mwenye shamba amekuja. Akatupeleka chini, kwenye mteremko, mahali miti inapoishia. Palikuwa na kaburi. Halina msalaba, halina jina, tuta tu la udongo lililozungushiwa mawe, na juu yake hapakuwa na jani hata moja.

"Tulilikuta," akasema. "Banasema ni mutu aliuawa hapa hapa, akivuna, majirani bakamuzika haraka bakakimbia. Jina hatujui. Mi ninalipalilia kila wiki. Nilisema, huyu iko na bantu bake mahali."

Katekista alipiga magoti. Alikaa hivyo kitambo kirefu, kiganja chake kimewekwa kwenye udongo. Mimi nilisimama upande wa pili, nikainua mikono nikamwombea marehemu kwa dua ya kwetu, kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Nilipomaliza na kupangusa uso, yeye alikuwa amemaliza ya kwao. Akamshika yule mwanamke mkono.

"Asante, mutoto yangu. Umefanya kazi yangu." Akavuta pumzi. "Sasa usipalilie tena."

"Itaota majani, mama. Haitaonekana."

"Iote," akasema. "Mungu alikuwa anataka kumufunika tangu zamani. Tumuache amufunike."

Nilitangulia kwenye lori, maana ilitupasa kurudi Mpondwe kabla mpaka haujafungwa. Kutoka pale nilipokaa niliwaona wamepanda tena juu kwenye kakao, mti kwa mti, yeye anakata na kuonyesha, yule mwanamke anaokota na kuuliza. Nikapiga honi. Alinipungia panga, maana yake ningoje. Nikazima injini, nikangoja.